Pampu inayomwita fundi: Kifaa cha mpini chafupisha kiu Kwale

KUTOKA Tiwi hadi Msambweni, Kaunti ya Kwale, wanavijiji wengi hutegemea maji ya chini ya ardhi, ambayo huyateka kwa pampu ya mkono iitwayo Afridev. Pampu hiyo ilijaribiwa Kwale miaka ya 1980, ikakusudiwa kutengenezwa na wanakijiji wenyewe kwa vifaa vichache. Hata hivyo, ilipoharibika, habari ilichelewa kumfikia mwenye vipuri, na akina mama wakalazimika kurejea kwenye visima vya wazi.

Ili kuziba pengo hilo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walibuni kifaa maalumu na kuchapisha matokeo yao ya awali mwaka 2012. Kifaa hicho kina kihisi mwendo, kichakato kidogo, modemu ya simu na betri. Vyote hufichwa ndani ya mpini, hivyo pampu yenyewe haibadilishwi.

Mpini unapopanda na kushuka, kihisi hurekodi mwendo na kichakato hukadiria kiasi cha maji kilichotekwa. Takwimu hutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu hadi kwenye seva. Matumizi yakikoma ghafla, fundi huarifiwa.

Katika majaribio ya Kyuso, Kaunti ya Kitui, mwaka 2013, muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku tatu. Vifaa hivyo vilifungwa pia kwenye pampu nyingi za Kwale, ambako huduma ya matengenezo ya FundiFix ilianzishwa.

Ufungaji, hata hivyo, ulidhihirisha kwamba kimya cha pampu kina sababu nyingi. Huenda mpira wa pistoni umechakaa. Huenda betri imekwisha au mtandao umepotea. Huenda pia mvua imenyesha na watu wanakinga maji ya paa. Kwa hiyo, kabla ya fundi kufunga safari, ni busara kumpigia simu mlinzi wa kisima.

Mwaka 2017 watafiti walionyesha, kwa takwimu za Kwale, kwamba mtikisiko wa mpini unaweza pia kudokeza kina cha maji ardhini.

Lakini kifaa hutoa taarifa tu. Pasipo vipuri ghalani, nauli ya fundi na michango ya watumiaji, ujumbe utafika kwenye seva, na ndoo zitabaki tupu.