Bahari Ipi Iko Juu?

Ndugu msomaji, meli ikitoka Mombasa kwenda Ulaya kupitia Mfereji wa Suez haina haja ya kuizunguka Afrika nzima. Lakini je, wajua kwamba kwa miaka karibu 50 hesabu mbovu iliwatia watu hofu ya kuuchimba mfereji huo?

Hofu yenyewe ni ya kale. Aristotle aliandika kuwa wafalme wa zamani waliacha kuchimba baada ya kuona kwamba bahari iko juu kuliko nchi ya Misri. Napoleon alipoivamia Misri mwaka 1798, alimpa mhandisi Le Père kazi ya kupima. Vita vilikuwa vinaendelea na kazi ikakatizwa kila mara. Jibu alilotoa ni kwamba Bahari ya Sham iko juu ya Mediterania kwa karibu mita 10! Wanahesabu Laplace na Fourier walilikataa, lakini wengi waliliamini.

Mwaka 1847, wapimaji wa Bourdaloue walirudia kazi ile kwa utulivu. Wakakuta bahari mbili zinakaribiana sana. Kuchimba kukaanza Aprili 1859. Wakulima wa Misri walisukumwa kazini kwa lazima, wengi wao na majembe na vikapu tu. Tarehe 17 Novemba 1869 mfereji ukafunguliwa, bila hata mlango mmoja wa kuzuia maji.

Basi hakuna tofauti kabisa? Ipo, nayo ni ya maji kujaa na kupwa. Upande wa Suez, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka karibu mita 2. Upande wa Port Said ni kama nusu mita tu. Katikati kuna Maziwa Machungu, ambayo ni mapana na huyapunguza nguvu maji yanayoingia. Kwa hivyo mkondo wa kujaa na kupwa huonekana zaidi kusini ya maziwa hayo.

Na huko kusini ndiko meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikokwama tarehe 23 Machi 2021. Zaidi ya meli 300 zilisimama zikingoja. Mchanga ulichimbwa, boti zikavuta, meli ikagoma. Mwezi ukatimia tarehe 28, katikati ya Shaaban 1442, bamvua likaja na maji yakapanda. Tarehe 29 meli ikaelea. Wavuvi wetu wa Lamu na Vanga wasingeshangaa: wao hujua bamvua huja mwezi ukiandama na ukitimia.

Mwezi huu huu ndio tunaoutafuta jioni ya mwisho wa Shaaban, na hatufungi mpaka habari yake ithibitike. Habari ya mita 10 ilienezwa kabla ya kuthibitishwa, na ilichukua nusu karne kuifuta. Ndugu yangu, ukiletewa habari, pima kwanza.