Bangla-Pesa: Karatasi Iliyoshtakiwa Mombasa, Kisha Ikalisha Watu Wakati wa Korona

Mei ni mwezi wa kuzaliwa kwa Bangla-Pesa, na inastahili kukumbukwa hata huku kwetu Misima, wilayani Handeni, Tanzania, ambako upatu, vikoba na msaragambo vinaeleweka bila kufundishwa. Vocha hizo ndogo zilianza kutumika Mei 2013 katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa. Miaka saba baadaye, korona ilipoifungia Kenya, wazo lililokuwa ndani ya vocha hizo ndilo lililosaidia maelfu ya watu kupata unga, maji na mboga bila kupanga foleni ya msaada.

Bangladesh ni mtaa wa vibarua na wachuuzi. Siku kazi inapokosekana mjini, shilingi huadimika mtaani kote. Mama mboga anabaki na sukuma wiki zinazonyauka, fundi cherehani amekaa mikono mitupu, muuza maji ana mitungi iliyojaa. Wote watatu wanahitajiana, na hakuna mwenye senti ya kumpa mwenzake. Will Ruddick, Mmarekani aliyesomea fizikia na aliyekuwa amekwisha kujaribu Eco-Pesa huko Kongowea mwaka 2010, aliketi na wafanyabiashara wa mtaa huo zaidi ya 100, wengi wao wanawake, wakakubaliana juu ya vocha. Hakuna aliyeingia hivi hivi tu. Ilibidi adhaminiwe na wenzake waliomjua na kuijua biashara yake. Vocha yenyewe ilikuwa ahadi: leo nachukua fungu lako la mboga, kesho wewe au mwingine yeyote wa mtaa huu atakuja nimshonee nguo.

Haikupita hata mwezi, polisi wakaingia.

Hali ya wakati huo inaeleza mengi. Uchaguzi Mkuu wa Machi 2013 ulikuwa umefunguliwa kwa damu Mombasa, askari waliuawa usiku wa kuamkia kura, na kundi la MRC (Mombasa Republican Council), lenye kauli yake ya “Pwani si Kenya”, ndilo lililonyooshewa kidole. Sasa linazuka jambo la watu wa Pwani, maskini, wenye karatasi iliyoandikwa neno “pesa” na isiyotoka Benki Kuu. Wakubwa waliona uasi. Mwishoni mwa Mei Ruddick na wakazi watano wakatiwa mbaroni. Wakashtakiwa kwa makosa ya kughushi, ambayo adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha miaka saba.

Kughushi noti ipi? Mwenye macho angeona kwamba vocha hiyo haikufanana na noti ya shilingi, na wala haikujifanya kuwa shilingi. Mashtaka hayo yalikuwa aibu, na hakuna haja ya kutafuta neno laini la kuyaelezea. Wachuuzi waliokuwa wakihangaikia chakula cha watoto wao walilazimika kuacha meza zao na kwenda kusimama kizimbani, eti wamehatarisha fedha ya taifa. Fedha za dhamana na za mawakili zilichangwa na watu wema kupitia intaneti. Agosti 2013 ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iliiondoa kesi, na vocha zikarudi mtaani.

Baada ya hapo zilienea: Gatina-Pesa huko Kawangware, Lindi-Pesa ndani ya Kibera, nyingine Kangemi na Kwale. Kisha karatasi ikaachwa, hesabu zikahamia kwenye simu, hata simu ya tochi, kwa jina moja la Sarafu.

Machi 2020 korona ikafika Kenya. Kafyu ilianza tarehe 27 mwezi huo. Tarehe 6 Aprili ilitangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, na siku mbili baadaye Mombasa, Kwale na Kilifi nazo zikafungwa. Upande wetu wa mpaka shule zilifungwa lakini watu hawakufungiwa, na mkulima wa Misima mwenye gunia la mahindi aliweza kulipeleka Handeni au Korogwe. Kibarua wa Mukuru, Nairobi, aliyezoea kulipwa kwa siku, hakuwa na pa kwenda. Tarehe 10 Aprili chakula cha msaada kiligawiwa Kibera, watu wakakanyagana, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na watu wakaumia wakigombea unga.

Mukuru ilijaribu njia nyingine. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilishirikiana na Grassroots Economics, taasisi ya Ruddick, kuwaandikisha wakazi katika Sarafu. Takwimu zao, zilizochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Scientific Data, zinaanzia Januari 2020 hadi Juni 2021 na zinahusu akaunti takribani 40,000. Vituo vikubwa vilikuwa Mukuru na Kinango, kaunti ya Kwale. Chakula kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyonunuliwa sana. Lakini lililonigusa mimi ni jingine: uchambuzi wa takwimu hizo uligundua kwamba Sarafu ilizunguka papo hapo kwa majirani, na waliokuwa kitovu cha mzunguko huo ni vyama vya kuweka na kukopa pamoja na viongozi wa dini. Yaani watu walewale ambao mtu angewaendea hata bila simu.

Kinango hilo halikuwa geni. Waduruma wana mweria: leo kundi zima linalima kwako, kesho linahamia kwa mwenzako. Sisi tunasema msaragambo. Ndiyo maana inaniuma kuona vikundi vyetu vya Handeni vikikumbukwa zaidi pale halmashauri inapogawa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, tena kwa fomu inayouliza mradi na marejesho. Nani hupelekewa debe la mahindi ukame ukipiga, na nani humpelekea, fomu haina nafasi ya kuuliza. Kikundi kinachojua hayo ni ghala la kijiji, na kilistahili kuhesabiwa hivyo kabla maafa hayajafika.

Korona ilipopungua, kafyu ya Kenya ikaondolewa Oktoba 2021. Sarafu moja ya wote nayo ikapisha mpango mwingine: kila kikundi kinatoa vocha yake, kinaipa jina kinalolitaka, na kuahidi kuilipa kwa kazi ya shambani au kwa bidhaa za wanachama wake.