Nani Hukadiria Nyumba? Historia ya Kodi ya Makazi katika Mpaka wa Busia, 1900 hadi Leo

Mto Sio huingia Ziwa Victoria si mbali na Majanji, kituo cha wavuvi katika Wilaya ya Busia, Uganda. Pande zote mbili za mpaka huu huishi Wasamia wa lugha moja na koo zilezile. Kaskazini mwa Majanji, mji wa Busia wenyewe umegawanywa na mpaka huohuo. Nyumba mbili za mabati zilizojengwa na fundi mmoja mjini humo, moja kila upande, hazipimwi kwa kipimo kimoja zinapotozwa kodi. Makala haya yanafuatilia chanzo cha tofauti hiyo. Hoja yake ni kwamba, zaidi ya kiasi cha fedha, kilichowagonganisha watawala na raia ni kadirio lenyewe: ni nani analifanya, anatazama nini, na mwenye nyumba ana njia gani ya kulipinga.

Kuhesabu paa

Mkataba wa Uganda wa 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba nchini Buganda, na utaratibu wa namna hiyo ukaenezwa mashariki. Himaya jirani ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, iliweka kanuni zake za kodi ya kibanda mnamo 1901. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya hiyo, na Wasamia wakawa walipa kodi wa serikali mbili. Amri ya mipaka ya 1926 ilithibitisha Mto Sio kuwa sehemu ya mpaka.

Kodi ya kibanda haikuhitaji mthamini. Mkusanyaji alihesabu paa, akadai fedha. Wepesi huo ulikuwa na gharama yake, kwani nyumba ya mjane ilitozwa sawa na nyumba ya chifu. Familia nyingi zilijibu kwa kubanana katika nyumba chache ili kupunguza idadi ya paa. Serikali nazo zikaongeza kodi ya kichwa, Uganda mwaka 1905 na Kenya mwaka 1910, ili mwanamume asiye na nyumba yake asiponyoke.

Kukadiria mtu

Katika miaka ya 1950 Uganda iligeukia kodi ya ngazi, iliyopanda kulingana na uwezo wa mtu. Kwa nadharia, ilikuwa ya haki kuliko kodi ya kibanda. Katika utekelezaji, machifu na kamati zao ndio walioamua ni nani mwenye uwezo, kwa kutazama mifugo, mashamba na mali nyingine. Januari 1960 ghasia zilizuka katika Wilaya ya Bukedi, ambayo wakati huo ilijumuisha Tororo na Busia ya leo. Machifu walishambuliwa na makazi yao kuharibiwa. Tume ya uchunguzi iliundwa, na malalamiko juu ya ukadiriaji yalikuwa kiini cha suala hilo. Kipimo kilichokusudiwa kuleta usawa kilionekana kuwa silaha ya jirani mwenye cheo.

Kukadiria nyumba

Kodi ya kisasa ya majengo ilijaribu kumwondoa chifu na kumweka mthamini. Kenya ilitunga sheria ya uthamini mwaka 1956 na sheria ya utozaji mwaka 1963. Desturi iliyotawala ilikuwa kutoza thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Uganda, kwa sheria ya 2005, ilichagua pango: mthamini hukadiria kodi ambayo nyumba ingepangishwa kwa mwaka, huondoa gharama kama za ukarabati, kisha asilimia iliyowekwa hutozwa kwa kinachobaki.

Mfano wa kubuni utafafanua tofauti hiyo. Upande wa Uganda, nyumba inayoweza kupangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi ina pango la 2,400,000 kwa mwaka. Ikiwa robo itaondolewa kwa gharama, hubaki 1,800,000. Kwa asilimia 6, kodi ni 108,000. Upande wa Kenya, ikiwa kiwanja kina thamani ya shilingi za Kenya 400,000 na kiwango ni asilimia 1, kodi ni 4,000, hata kama juu yake pana ghorofa au pagala.

Hata hivyo, marekebisho ya 2006 nchini Uganda yalisamehe nyumba ya makazi anamoishi mwenyewe. Kodi ya ngazi ilikuwa imesitishwa mwaka 2005. Serikali za mitaa zikapoteza vyanzo viwili kwa mfululizo na kuzidi kutegemea ruzuku kutoka Kampala. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 inazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali, udhaifu ulikuwa uchakavu wa madaftari: daftari la uthamini la Nairobi la 1982 lilitumika kwa zaidi ya miongo mitatu.

Tanzania ilichukua njia ya tatu. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, kwa kiwango mfuto, ambacho mwanzoni kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umekuwa mwepesi, lakini mpangaji anayenunua umeme hujikuta akilipa kodi ya mwenye nyumba. Kwa mantiki yake, huku ni kurejea kwenye kuhesabu paa.

Hitimisho

Historia hii inawapa washauri wa sera funzo mahususi. Kuhesabu paa ni rahisi ila hakutofautishi tajiri na maskini; kukadiria hutofautisha, ila huzaa uhasama pale ambapo mlipaji haoni hesabu. Mji mdogo kama Majanji ukifikia hatua ya kuthamini majengo yake, hesabu ya kila nyumba yapasa kuandikwa kwa lugha inayoeleweka na mwenyewe, daftari kufanyiwa marekebisho kabla halijachakaa, na pingamizi kusikilizwa karibu na makazi, na mtu asiye mkadiriaji. Bila masharti hayo, mthamini mwenye cheti atatazamwa kama alivyotazamwa chifu wa Bukedi mwaka 1960.