Zakaria wa ‘Rosa Mistika’: Baba mkali, mwenye hofu

Ukitaja wahusika wanaokera katika riwaya za Kiswahili, jina la Zakaria halikosi. Huyu ni baba yake Rosa katika ‘Rosa Mistika’, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Kisa kinaanzia Ukerewe, alikozaliwa mwandishi mwenyewe.

Zakaria ni nani?

Ni mume wa Regina, baba wa mabinti kadhaa, na mlevi. Mkewe ndiye anayehangaika ili watoto wale na wasome. Zakaria akikasirika, ni kipigo.

Anafanya nini?

Anagundua barua ambayo Rosa ameandikiwa na kijana anayeitwa Charles. Jibu lake ni kumpiga binti. Hapo Rosa anajifunza jambo moja tu: mwanaume ni balaa.

Akifika shule ya bweni, mwanzoni anawaogopa wanaume. Baadaye, mbali na macho ya baba, anapata uhuru ambao hakuna aliyemfundisha namna ya kuutumia. Anabadilika kabisa, hadi kufikia kutoa mimba. Anakuja kukutana tena na Charles, lakini yaliyopita yanajulikana na Charles anamkataa. Rosa anajiua.

Ukali wake unatoka wapi?

Zakaria hana mali wala heshima ya kujivunia. Kilichobaki mkononi mwake ni mamlaka juu ya mke na mabinti. Ndiyo maana karatasi moja ya kijana inamtikisa vile. Ukali wake ni hofu iliyoshika fimbo.

Nafasi yake kwenye riwaya

Ni mhusika pinzani wa aina ya pekee, kwa sababu hapangi kumwangamiza Rosa. Anaamini anamlinda. Kumbe kila pigo linamsogeza binti kwenye jambo lilelile analoliogopa baba. Mwishoni Kezilahabi anawafikisha wawili hao mbele ya Mungu, baba na binti wakilaumiana.

Kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kuzungumzia mapenzi waziwazi. Yaani, watu wazima walikifanyia kama Zakaria alivyoifanyia barua.

Kwa msomaji wa leo

Kwa mzazi wa Tunduma, Zakaria si mtu wa zamani. Ni mji wa mpakani: malori yanapanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, na wageni hawaishi. Hofu ya mzazi mwenye binti hapo ina sababu zake, na riwaya haimwambii aache kuogopa. Inamwonyesha yanayotokea pale hofu inapokosa maneno na kubaki na fimbo tu.

Leo hii Charles angetuma meseji. Binti anayejua atapigwa ataifuta kabla baba hajaiona, na siku akipata tatizo kweli, nyumbani ndiko atakuwa wa mwisho kusema.