AC ya juu ya paa la RV ikivuja: gasketi hubadilishwa hivi

Doa la kahawia kwenye dari, karibu na AC, huanza likiwa dogo kama sarafu. Wamiliki wengi wa RV, yale magari-nyumba ya Marekani yenye kitanda, jiko na choo ndani, hulifuta na kusahau. Mvua ya tatu au ya nne ikinyesha, dari imeshalainika na mbao za paa zimeanza kuoza.

Mara nyingi chanzo cha balaa lote hilo ni gasketi, kipande cha sponji ambacho kwa kawaida hakifiki dola 50. Watu wawili wenye vifaa vya kawaida wanaweza kukibadilisha ndani ya nusu siku. Kinachouma ni kuchelewa: paa likishaoza, matengenezo yanaweza kufika maelfu ya dola.

Gasketi inakaa wapi?

AC nyingi za RV hukaa juu ya tundu la mraba kwenye paa, lenye upana wa kama inchi 14 kila upande. Gasketi inazunguka tundu hilo, katikati ya paa na kitako cha mashine. Ikiwa mpya ina unene wa karibu inchi moja.

Mashine haifungwi kwa juu. Bolti ndefu, kwa kawaida nne, zinapanda kutoka ndani ya gari, zinapita kwenye fremu ya dari na kuivuta AC chini mpaka gasketi ibanwe. Kubanwa huko ndiko kunakozuia maji.

Jua, baridi na mtikisiko wa barabara huichosha sponji, na bolti nazo hulegea taratibu. Gari lililokaa miaka kwenye ukame wa Arizona linaweza kuonekana zima kabisa, kumbe gasketi imekufa zamani. Mwenye nalo anakuja kugundua siku ya mvua kubwa, au akishahamia Florida.

Kwanza: ni mvua au ni maji ya AC yenyewe?

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. AC ikifanya kazi hutoa maji, kama glasi ya kinywaji baridi inavyotoa jasho. Maji hayo yanatakiwa kupita kwenye vitundu vya kitako na kumwagika juu ya paa. Vitundu vikiziba kwa majani na vumbi, maji hufurika na kuingia ndani. Hapo gasketi mpya haitasaidia kitu.

Kipimo ni rahisi. Siku kavu, AC iwashwe saa kadhaa. Ikidondosha maji, tatizo liko kwenye vitundu, au barafu imeganda ndani ya mashine kwa sababu hewa baridi inavuja na kurudi ilikotoka. Kama inadondosha wakati wa mvua tu, hata AC ikiwa imezimwa, basi gasketi ni mshukiwa namba moja.

Ni mshukiwa namba moja, lakini si peke yake. Maji hutembea ndani ya paa kabla ya kudondoka, hivyo doa linaweza kuwa karibu na AC wakati tundu liko kwenye feni au kwenye maungio ya paa. Sehemu hizo nazo zikaguliwe.

Kabla ya kufungua mashine, bolti zishikwe kwanza. Kama zimelegea na gasketi bado ina uhai, kuzikaza tu kunaweza kumaliza kazi.

Usalama hauna mjadala

AC ya RV ya Marekani hutumia umeme wa volti 120, na huo unaua. Waya wa nje uchomolewe, jenereta izimwe, inveta izimwe na betri itenganishwe. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Baada ya hapo waya zipimwe kwa testa. Ndani ya mashine kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umekatwa, kwa hiyo boksi la waya la juu lisichokonolewe.

Hatari ya pili ni kuanguka. Si kila paa la RV linabeba mtu. Kitabu cha gari ndicho kinachosema. Likiwa linaruhusu, vipande vya plaiwudi hutandikwa ili uzito usambae. Siku ya upepo au paa likiwa na unyevu, kazi inaahirishwa.

Hatua kwa hatua

1. Kifuniko cha dari na vichujio vinatolewa kwa ndani. Waya zinapigwa picha kwa simu kabla ya kuchomolewa, ili wakati wa kurudisha pasiwe na kubahatisha.

2. Bolti zinafunguliwa. Kuanzia hapo AC haijashikwa na kitu chochote, kwa hiyo gari lisisogezwe hata mita moja.

3. Watu wawili wanainyanyua mashine na kuiweka pembeni juu ya blanketi nene. Uzito wake ni kama kilo 35 hadi 50. Isiburutwe, maana kitako chake kinaweza kuchana paa la mpira. Isilazwe ubavu pia, ili oili ya kompresa isihame mahali pake.

4. Gasketi ya zamani inabanduliwa kwa kifaa cha plastiki, si kwa kisu. Uchafu na gundi husafishwa kwa sabuni laini au dawa inayokubaliwa na aina ya paa. Petroli na mafuta ya taa haviguswi, kwa sababu huharibu paa la mpira.

5. Mbao zinazozunguka tundu zinabonyezwa kwa kidole. Zikiwa ngumu, kazi inaendelea. Zikibonyea, kazi inasimama hapo na paa linatengenezwa kwanza. Gasketi mpya juu ya mbao mbovu ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

6. Sehemu ikishakauka kabisa, gasketi mpya inawekwa sawasawa kuzunguka tundu, au kwenye kitako cha AC kama mtengenezaji alivyoelekeza.

7. Mashine inashushwa wima moja kwa moja. Ikitelezeshwa, gasketi inajikunja. Mtu aliyeko ndani anamulika kwa tochi kuhakikisha sponji haijahama.

8. Bolti zinakazwa kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, mpaka gasketi ibaki na unene wa kama nusu inchi pande zote. Kipimo kamili cha nguvu kiko kwenye kitabu cha AC. Kukaza kupita kiasi kunaua sponji na kunaweza kupinda kitako.

Silikoni ya nini?

Wapo wanaomaliza kazi kwa kuzungushia silikoni au gundi ya paa, "kwa uhakika zaidi". Ni kosa la kawaida sana. Gasketi imeundwa kufanya kazi bila gundi. Ukuta wa silikoni unaweza kuzuia maji ya AC yasitoke, yakakusanyika chini ya mashine na kutafuta njia ya kuingia ndani. Tena safari ijayo ya kuing'oa AC hiyo inakuwa vita.

Kujaribu kabla ya kufunga dari

Kifuniko cha ndani kisirudishwe haraka. Umeme ukiwa bado umezimwa, maji ya bomba yanamwagwa taratibu kuzunguka kitako kwa dakika kadhaa, bila presha, huku mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Pakiwa pakavu, waya zinarudishwa kama picha inavyoonyesha, dari inafungwa, ndipo umeme unawashwa.

Kama maji yanatuama kuzunguka AC, huenda paa limebonyea. Hapo hata gasketi mpya itaishi ndani ya dimbwi na haitadumu, kwa hiyo fundi wa mapaa ahusishwe.

Baada ya safari chache bolti zikaguliwe tena, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Ni kazi ya dakika 10 kwa spana moja, na ndiyo inayoamua kama doa la kahawia litarudi au la.