Kutangulia Si Kufika

Ewe msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale walioanza masomo ya sekondari kwa alama hafifu, nawe wajiuliza kama mlango wa chuo kikuu umekwisha kufungwa. Swali hilo si geni. Huko Marekani liliulizwa zamani, na yafaa tutazame lilivyojibiwa.

Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, mwalimu mkuu J. Stanley Brown alishirikiana na William Rainey Harper, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, kuanzisha masomo ya juu ndani ya shule ya sekondari ya mji ule. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 6 tu. Walisoma mafunzo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Vyuo vya namna hiyo vikaenea nchini kote.

Kisha, mwaka 1960, jimbo la California lilipanga vyuo vyake vya umma katika ngazi 3. Ngazi ya juu, yaani Chuo Kikuu cha California, ilitengewa mmoja bora katika kila wahitimu 8 wa sekondari. Ngazi ya pili ilitengewa theluthi iliyo bora. Vyuo vya miaka miwili viliachwa wazi kwa kila awezaye kufaidika na masomo. Tena aliyefanya vyema humo aliweza kuhamia chuo kikuu katika mwaka wa tatu, na aghalabu alipimwa kwa alama za chuoni, wala si zile za ujana wake.

Walakini usidhani kwamba mlango ulio wazi humwingiza mtu wenyewe. Wengi walioingia kwa nia ya kuhamia chuo kikuu hawakufika. Baadhi yao walisoma huku wakifanya kazi. Wengine walirudishwa kwenye hesabu na lugha za ngazi ya chini, masomo yasiyohesabiwa katika shahada, wakachoka njiani. Ndipo mwaka 2017 jimbo lile likatunga sheria ya kupunguza kurudishwa nyuma huko.

Nasi Kenya tumekuwa na njia zetu. Tangu mtihani wa KCSE ulipoanza mwaka 1989, alama za kidato cha kwanza hazikuingizwa katika daraja la mwisho. Hata aliyekosa C+, alama ya chini ya kuingilia shahada, aliweza kuanza na cheti au stashahada, kisha akapanda ngazi kwa ngazi.

Basi, wahenga walinena kuwa kutangulia si kufika. Uliza mapema ni njia zipi zilizo wazi, na kila moja yataka nini. Kisha shika vitabu vyako, kwani njia ndefu humfikisha yule tu asiyeketi.