American Graffiti: sahani mbili, nyimbo 41, na nani anakula faida

Sahani za vinili, zile wazee wetu wanaita disiki, zinarudi sokoni. Kule Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa nyingi kuliko CD. Mara ya mwisho hilo kutokea ilikuwa 1987. Njo maana kampuni za muziki zinafungua makabati yao na kuchapa upya album za zamani. Mfano mmoja ni album ya filamu American Graffiti, iliyotoka 1973 na yenye nyimbo 41 za rock and roll. Kupitia album hii tunaona muziki wa zamani unarudi namna gani, na pesa inaenda kwa nani.

Filamu inayoishi na redio

Filamu ni ya George Lucas, aliyezaliwa Modesto, mji wa California. Inasimulia usiku mmoja tu wa mwaka 1962: vijana waliomaliza shule wanazunguka mjini na magari mpaka asubuhi. Hakuna orkestra iliyotungia filamu hii muziki. Nyimbo nyingi zinasikika ku redio za magari, na karibu wote wamefungua kituo kimoja.

Mtangazaji wa kituo kile ni Wolfman Jack, jina lake la kweli Robert Weston Smith. Alikuwa mtu wa redio kweli kweli. Katika miaka ya 1960 alisikika kupitia vituo vilivyosimikwa Mexico, karibu na mpaka. Juu ya nini Mexico? Juu sheria ya Marekani ilikataza redio za AM kupita wati elfu 50, wakati XERF ya Ciudad Acuña ilikuwa na nguvu ya wati elfu 250. Usiku mawimbi yalifika mbali sana. Watu walijua sauti yake bila kujua sura yake. Ndani ya filamu, kijana mmoja anamfuata mpaka kituoni na kumkuta bwana anayekana kuwa Wolfman. Kumbe ni yeye.

Ndani ya sahani

Album ilitoka kwa kampuni ya MCA, sahani mbili. Nyimbo zinafuata mpango wa filamu: inafungua Bill Haley, inafunga Beach Boys, na katikati kuna Chuck Berry, Fats Domino, Buddy Holly na The Platters. Wimbo mmoja tu wa filamu ulibaki inje, «Gee» wa The Crows.

Nyimbo 41 kwa pande nne ni karibu nyimbo 10 kila upande. Hapo kuna ufundi. Sauti ya vinili imechorwa ndani ya mufereji mwembamba ambao sindano inaufuata. Ukitaka kuingiza dakika nyingi upande mmoja, mifereji inakaribiana na sauti inapaswa kupunguzwa. Tena, anayechapa upya anaweza kutumia kanda ya kwanza ya studio, nakala yake, ao faili ya kompyuta. Kwa hiyo sahani mbili zenye jalada moja zinaweza kutoa sauti tofauti. Mnunuzi aangalie kama kampuni imeandika ilitumia nini.

Elvis yuko wapi?

Anayejua rock and roll atauliza: mbona Elvis Presley hayuko? Ni mambo ya pesa. Studio Universal iliwapa wenye haki wote bei moja. Wengi walikubali, lakini RCA, kampuni ya Elvis, ikakataa. Haki za nyimbo zote zilikula karibu dola elfu 90, na hakukubaki kitu cha kulipa mutunzi wa muziki mpya.

Majina yasiyo kwenye sahani

Bei ile ilienda kwa wenye haki. Lakini mwenye haki si kila mara yule aliyetunga wala aliyeimba. Angalia «Why Do Fools Fall in Love», wimbo ulio kwenye album. Uliimbwa na Frankie Lymon na The Teenagers, vijana wa New York, na ukatoka 1956. Lymon alikuwa na miaka 13 tu walipourekodi. Alikufa 1968, akiwa na miaka 25.

Kwenye karatasi, wimbo ulibaki kwa majina ya Lymon na Morris Levy, mfanyabiashara wa muziki aliyenunua sehemu ya haki. Wenzake wawili wa kundi, Herman Santiago na Jimmy Merchant, walienda mahakamani kusema wao njo walitunga pamoja naye. Mwaka 1992 juri iliwapa haki. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikaifuta ile hukumu. Haikusema wamedanganya, ilisema wamechelewa, juu sheria inatoa miaka mitatu tu ya kudai, nao walikuwa wameacha zaidi ya miaka 20 ipite.

Kwa hiyo kila mara wimbo ule unachapwa upya, pesa ya utunzi inafuata karatasi ile ile. Sauti za Santiago na Merchant zinasikika nyuma ya Lymon, sawa vile zilivyosikika 1956. Majina yao hayako mahali pa watunzi.